Harusi ya Mawe Kando ya Mto Chew

Jiwe la kwanza nililoliwekea kiganja lilikuwa limelowa umande, na baridi yake ilinipanda mkono hadi kwenye kiwiko. Nilitarajia rangi ya kijivu, kwa kuwa ndivyo mawe ya kale ya Uingereza yanavyoonekana kwenye kalenda. Hili lina wekundu wa tofali lililochomwa nusu. Ukilisogelea unaona kokoto za kila ukubwa zilizoshikana pamoja, mithili ya zege, ila zege hili halikukorogwa na fundi yeyote. Uso wake umejaa matundu. Kidole cha shahada kinaingia hadi kwenye kifundo. Lakini usawa wa kiuno kuna mahali pamekuwa laini kabisa, kama kizingiti cha nyumba ya zamani kule Lamu. Ng'ombe wamejisugua hapo vizazi na vizazi.

Hapa ni Stanton Drew, kijiji kidogo cha Somerset, kilomita kama 10 kusini mwa jiji la Bristol. Watu waliolisimamisha jiwe hili, kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita, hawakuacha jina lao, wala la kiongozi wao, wala neno moja la lugha yao. Walichoacha ni maduara matatu ya mawe kwenye malisho kando ya mto. Kubwa kati ya hayo matatu ndilo la pili kwa ukubwa Uingereza nzima, baada ya lile la Avebury. Hata hivyo, Waingereza niliowauliza njiani hawakuwa wamewahi kulisikia.

Nilikuwa nimekwenda Bristol kumwona dada yangu, na kama wageni wengi nilitaka nipelekwe Stonehenge. Shemeji, aliyeishi huko zaidi ya miaka ishirini, akatikisa kichwa.

"Huko utayaona mawe kwa mbali, kamba imezungushwa," akasema. "Shemeji, wewe ni mtu wa kushika vitu. Nitakupeleka Stanton Drew."

Tuliondoka mapema Jumamosi. Barabara ilikuwa nyembamba, imebanwa na michongoma pande zote mbili, na kila tulipokutana na gari mmoja wetu alilazimika kurudi nyuma. Mto Chew hauonekani mpaka ufike juu ya daraja lake. Ni mto mdogo, haufiki kilomita 30. Unaanzia kwenye vilima vya Mendip na kumwaga maji yake katika mto Avon pale Keynsham. Juu zaidi umezuiwa na kufanywa ziwa la maji ya kunywa, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1956, nalo huwanywesha watu wa Bristol. Yawezekana kabisa kwamba chai tuliyokunywa kwa dada asubuhi ile ilichemshwa kwa maji ya bonde hili.

Getini hapakuwa na mlinzi wala tiketi. Palikuwa na kisanduku chenye tundu na kibao kinachomwomba mgeni atumbukize pauni moja, basi. Shemeji akatumbukiza mbili, tukafungua geti, tukalifunga vizuri nyuma yetu ili mifugo isitoroke, tukaingia. Asubuhi nzima hatukukutana na mgeni mwingine.

Duara Kuu lina kipenyo cha mita 113. Chukua uwanja wa mpira wa kimataifa, goli hadi goli, uongeze hatua kadhaa. Kwa hiyo ukisimama katikati huoni duara. Unaona mawe yaliyotawanyika kwenye majani, mengine wima, mengi yamelala kifudifudi kama watu waliochoka safari. Ni lazima utembee. Ukitembea kutoka jiwe hadi jiwe ndipo mviringo unapojitokeza taratibu miguuni mwako, na ukishaupata huupotezi tena. Upande wa kaskazini mashariki kuna duara dogo la mawe manane, mengine makubwa kuliko yote ya hapo. Kusini magharibi, mbali kidogo, lipo la tatu lenye mawe 12. Na kutoka kwenye yale mawili ya kwanza zinashuka njia mbili fupi zilizopangiwa mawe pembeni, zikielekea mtoni. Yaelekea watu walikuja kwa upande wa maji.

Jina la kijiji lenyewe limetokana na mawe haya. Kwa Kiingereza cha kale Stanton ni makazi ya penye mawe. Drew ni ukoo uliokuja kuimiliki ardhi hiyo baadaye sana. Waliokuja baadaye waliyakuta mawe tayari, hawakuwa na wa kumwuliza, wakajitungia wenyewe habari yake. Nayo ni habari ya harusi.

Wanasimulia hivi. Siku moja ya Jumamosi kijana na binti wa kijiji walioana, na baada ya kanisa watu wote wakahamia uwanjani kucheza. Walikula, wakanywa, wakacheza mchana kutwa na usiku ukaingia. Ilipokaribia saa sita ya usiku, mpiga zeze akashusha zeze lake. Alikuwa mcha Mungu. Jumapili inaingia, akasema, sipigi tena. Watu wakamsihi, akakataa. Bi harusi akapandwa na hasira, akaapa kwamba ngoma haivunjiki, hata kama itambidi ashuke jehanamu kumtafuta mpigaji mwingine. Hapo hapo akatokea mzee asiyejulikana, ameshika zumari. Akaanza polepole, kisha akaongeza, kisha akaongeza tena, mpaka miguu ya wachezaji ikawa si yao. Walilia waachwe wapumzike wakashindwa kusimama. Alfajiri wanakijiji waliosalia nyumbani walipokuja kutazama, walikuta uwanja umejaa mawe. Mzee alikuwa Ibilisi, na inasemekana aliahidi kwamba iko siku atarudi awapigie tena.

Msomaji wa pwani au wa bara hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Sisi sote tumelelewa na hadithi za mgeni mrembo aliyeingia ngomani usiku, na kumbe chini ana kwato. Na tunajua hadithi kama hizo zilitungwa na nani na kwa ajili ya nani: ni wazee wakiwaonya vijana. Katika Uingereza ya zamani kulikuwa na wahubiri waliopiga vita kucheza siku ya Jumapili, na mawe yakawapa ushahidi uliosimama shambani. Kule Cornwall, kusini magharibi zaidi, kuna duara jingine la mawe 19, na wenyeji wake husema ni mabinti waliocheza siku ya Bwana.

Wasomi nao walivutwa na mawe haya. Mwandishi John Aubrey alifika Stanton Drew mwaka 1664, na William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale, akaja 1723. Aliyenivutia zaidi ni John Wood, msanifu majengo maarufu wa mji wa Bath, aliyekuja mwaka 1740 na vifaa vyake kuyapima mawe na kuyachora. Wanakijiji walimwonya. Mawe haya hayahesabiki, walisema. Aliyejaribu kuyahesabu alianguka akafa papo hapo, au alipata maradhi yaliyomwondoa. Wood akahesabu. Alipomaliza, mvua kubwa yenye upepo ikashuka kijijini, na watu wakajua kwa nini.

Nilimsimulia Shemeji kisa cha Wood huku tukiwa tumeegemea jiwe, na nilitegemea acheke. Hakucheka. Yeye ni mtoto wa wafugaji.

"Baba yangu hajawahi kuhesabu ng'ombe," akasema. "Jioni anasimama kwenye lango la boma, wanapita mbele yake, na anakuambia yupi hayupo. Ukimwuliza ni wangapi, anakutazama tu."

Nikakumbuka Wakikuyu, ambao wakitaja mabinti wa Gikuyu na Mumbi, waasisi wa kabila lao, husema ni tisa kamili, ingawa ukiwataja kwa majina wanafika kumi. Kuhesabu kilicho hai ni kukitia kwenye macho ya kijicho. Watu wa Stanton Drew waliposema mawe hayahesabiki, nadhani walikuwa wanasema jambo hilo hilo: hawa ni watu. Nasi siku ile hatukuhesabu. Vitabu vyenyewe havikubaliani. Vingine huandika kwamba Duara Kuu limebakiwa na mawe 26, vingine 27.

Mambo yaligeuka mwaka 1997. Wataalamu wa English Heritage, taasisi inayotunza majengo na magofu ya kale ya nchi hiyo, walilipita shamba zima hatua kwa hatua na chombo cha kupimia nguvu ya sumaku ardhini. Udongo uliowahi kuchimbwa na kufukiwa hauna sumaku sawa na udongo ambao haujaguswa, hata miaka elfu nne ikipita. Bila kutia jembe chini, chombo kikachora kile ambacho macho hayakuwahi kukiona. Duara la mawe limezungukwa na handaki la zamani, upana wake mita 7 hivi, na kipenyo cha zote pamoja ni mita 135. Ndani ya duara kuna mashimo, mamia ya mashimo, yamepangwa katika miviringo tisa, mmoja ndani ya mwingine, mkubwa wake ukiwa na kipenyo cha mita 95.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mashimo hayo yalibeba nguzo za miti. Hebu lifikirie shamba hili kabla ya mawe, au pengine pamoja na mawe: msitu wa nguzo zilizochongwa, duara ndani ya duara, na lango kubwa la kuingilia likitazama mtoni. Kila nguzo ni mti mzima. Kila mti ulikatwa kwa shoka la jiwe, ukaburutwa kwa kamba na mabega, ukasimamishwa. Ilihitaji watu wengi, na watu wengi huhitaji kula, na kula huhitaji wa kupika na wa kuchinja. Miti yote imeoza ikawa udongo. Hakuna aliyeona hata kibanzi chake, kwa sababu mashimo hayajafukuliwa.

Kwa nini miti, na kwa nini mawe? Jawabu ninalolipenda mimi lilitoka upande wetu wa dunia. Mwaka 1998 mwanaakiolojia Mwingereza Mike Parker Pearson alimkaribisha mwenzake kutoka Madagaska, ile Bukini ya wazee wetu, aitwaye Ramilisonina, atazame maduara ya mawe ya kusini mwa Uingereza. Ramilisonina hakuona fumbo. Kwao, alieleza, nyumba ya mti ni ya walio hai, kwa sababu mti huota na kuoza kama mwili. Jiwe ni la wafu, kwa sababu mfu ameshamaliza kubadilika. Wawili hao wakaandika makala pamoja mwaka huo huo, na rai yao imewaongoza watafiti wa Stonehenge tangu hapo. Wako wanaoipinga, na ni haki yao, maana Bukini ni mbali na Somerset. Lakini ilinifurahisha sana kwamba mtu wa Bahari ya Hindi aliitwa kuwasomea Waingereza mawe yao.

Saa sita mchana tulitoka shambani tukaenda kuwaona maharusi. Kijijini pale, nyuma ya baa iitwayo Druids Arms, kuna mawe matatu: mawili yamesimama yakitazamana na la tatu limelala kati yao. Bwana harusi, bi harusi, na kasisi aliyelewa akaanguka. Ndivyo wanavyosema. Meza za mbao za wateja zimepangwa hatua chache kutoka hapo, na mtoto mmoja alikuwa amemkalia kasisi akila viazi vya kukaanga. Mama yake alituona tunamtazama akataka kumwondoa. Shemeji akamwambia amwache, haidhuru.

Ni pale kwenye baa, mbele ya mawe yale matatu, nilipomkumbuka mama mmoja wa Kiturkana.

Miaka mingi nyuma nilisafiri kutoka Lodwar kwenda Kalokol, karibu na ufuko wa magharibi wa Ziwa Turkana. Jua lilikuwa kali na gari limejaa. Kando ya barabara, mahali ambapo hapana kitu, zilijitokeza nguzo nyeusi za mawe zimesongamana, zimeinamiana huku na huku. Juu ya vichwa vya baadhi yake kulikuwa na vikokoto, vimewekwa na wapita njia. Mama aliyekaa karibu nami, mtu mzima mwenye shanga shingoni hadi kidevuni, akaninyooshea mkono. "Namoratunga," akasema, watu wa mawe. Walikuwa wakicheza ngoma. Pepo akaja katikati yao kama mgeni, akaanza kucheza kwa namna yake, nao wakamcheka. Akawageuza mawe hapo walipokuwa.

Nilimsikiliza kwa adabu, gari halikusimama, nami sikuomba lisimame. Hilo nimelijutia.

Nguzo zile ni 19, sawa na wale mabinti wa Cornwall. Hilo ni la bahati tu. Lakini harusi ya Somerset na ngoma ya Turkana? Mkulima wa bonde la Chew hakuwahi kumsikia mfugaji wa Turkana, wala huyu hakumsikia yule, na wote wawili walipoyatazama mawe ya watu wasiowajua walisema jambo moja: walikuwa wakicheza, akaja mgeni.

Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo za Namoratunga zilipangwa kufuata nyota saba, mithili ya kalenda ya Waborana. Habari ikaenea duniani na hadi leo inarudiwa, ingawa wapimaji waliofuata waliitilia shaka. Kazi kubwa zaidi ilikuja baadaye, katika uwanja mwingine wa nguzo magharibi ya ziwa hilo hilo, uitwao Lothagam Kaskazini. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand ilitangaza matokeo ya miaka mingi ya kuchimba. Jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, na kando yake nguzo na maduara ya mawe. Chini ya jukwaa, makaburi. Wamezikwa humo watu wasiopungua 580, walioanza kulazwa hapo yapata miaka 5,000 iliyopita, na kazi hiyo ikaendelea karne kadhaa.

Ni wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, wamewekwa pamoja. Karibu kila mmoja ana pambo lake, shanga za mawe ya rangi au za ganda la yai la mbuni; mmoja alivishwa kichwani pambo la mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hapana kaburi la mfalme, hapana waliotengwa pembeni kwa unyonge. Walikuwa wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, na waliishi wakati mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likikimbia ufuko wake. Wakati wa dhiki ile walibeba mawe, wakakusanyika, wakazikana.

Tazama sasa miaka. Watu wa Lothagam na watu wa bonde la Chew ni wa zama zilizokaribiana mno. Hawakuwa na maandishi, hawakuwa na chuma, na kila mmoja kwa upande wake aliona kwamba mkusanyiko wa watu ni jambo linalostahili jiwe.

Ndiyo maana nimeacha kuiona harusi ya Stanton Drew kuwa porojo za wahubiri. Ibilisi ni nyongeza yao. Ngoma ni kweli. Chombo cha mwaka 1997 kilidokeza kwamba lile shamba tulivu, lenye ng'ombe na harufu ya samadi, liliwahi kuwa mahali penye umati mkubwa. Wanakijiji walilijua hilo kabla ya chombo. Na mama wa Kiturkana alilijua. Waliyatazama mawe jinsi yanavyosimama, bega kwa bega, na hawakuona kalenda ya nyota wala hesabu. Waliona watu walioitana.

Tulirudi mtoni jioni, tukasimama darajani mpaka baridi ikatushinda. Dada alikuwa ametuwekea wali na maharage. Aliniuliza nimeona nini, nikamwambia nimeona harusi, akadhani natania.

Stanton Drew inatunzwa. Ina kibao, ina geti, ina kisanduku cha pauni, na kijiji kizima kinajua kisa chake. Nguzo zetu za Turkana zinajulikana zaidi na wasomi wa ng'ambo kuliko na watoto wa shule wa Nairobi, Nakuru au Mombasa, na hili si jambo la kulinyamazia. Mwalimu unayesoma haya, zitaje darasani wiki ijayo. Na wewe utakayepita njia ile, mwombe dereva asimame. Shuka, zizunguke kwa miguu, usizihesabu kama hutaki, na usiondoke na kokoto hata moja. Hutapotea: nguzo ziko kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol.